Lenzi ya 85mm f/1.4 inakosa jicho na kukamata sikio: tatizo ni lenzi, bodi au namna ninavyopiga?

#1 Taa_ya_Dirishani

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaoijua fokasi kwa undani, nimekwama.

Natumia kamera ya kioo, DSLR yenye kihisi cha fremu nzima. Miaka yote nimekuwa na zumu ya 24-70mm f/4 na sikuwahi kuilalamikia. Mwezi uliopita nimepata lenzi ya 85mm f/1.4, imeshatumika lakini vioo vyake ni safi, haina fangasi wala mkwaruzo. Nikaanza kupiga picha za sura. Kwenye skrini ndogo ya kamera zinapendeza mno. Nikizifungua kwenye kompyuta na kuzikuza asilimia 100, naishiwa nguvu: kope zina ukungu, ila nywele za karibu na sikio ni kali kiasi cha kuhesabika. Katika picha kumi, saba ziko hivyo.

Ninavyopiga: fokasi ya mara moja, nukta ya katikati. Naiweka nukta juu ya jicho, nabonyeza kitufe nusu, kamera inalia, kisha naigeuza kupanga picha na kubonyeza mpaka mwisho. Shata 1/200, ISO 400, f/1.4, umbali kama mita 2. Nikifunga tundu la lenzi hadi f/4 (namba ya f ikikua, tundu linakuwa dogo) tatizo karibu linapotea lote.

Nimeona kwenye menyu kuna marekebisho madogo ya fokasi. Nikaweka +10, mambo yakawa mabaya zaidi, nikarudisha sifuri. Je, hii lenzi ni mbovu? Au ni bodi, yaani kamera yenyewe? Nisije nikapeleka vyote viwili kwa fundi bila kujua ninachomwambia.

#2 Haraka_Mwendo

Pole mkuu. Hiyo lenzi imechoka. Lenzi iliyotumika ikikosa fokasi usihangaike nayo, irudishe kwa aliyekupa utafute nyingine. Mimi ningefanya hivyo leo hii.

#3 Bi_Shata

Kaka Haraka, tusimwambie mwenzetu arudishe kitu ambacho hakijapimwa. Kuna jambo kalieleza mwenyewe, nalo peke yake linatosha kuharibu picha.

Taa, umesema unalenga jicho kwa nukta ya katikati kisha unageuza kamera. Fokasi ya lenzi ni ukuta bapa uliosimama mbele ya kamera. Unapofunga fokasi kwenye jicho lililo mita 2, ukuta huo unapita kwenye jicho. Ukiizungusha kamera, ukuta nao unazunguka pamoja nayo, na jicho linabaki mbele yake. Ukigeuza kwa digrii 10 katika umbali huo, ukuta unaangukia sentimita 3 nyuma ya jicho. Piga hesabu mwenyewe: mita 2 zidisha kosaini ya digrii 10, unapata mita 1.97.

Sasa linganisha na kina cha fokasi ulichonacho, yaani unene wa eneo linaloonekana kali kutoka mbele hadi nyuma. Kwa 85mm, f/1.4, mita 2, fremu nzima, kina chote ni sentimita 4 na nusu hivi. Kwa hiyo una takriban sentimita 2 mbele na 2 nyuma. Kosa la sentimita 3 limeshakutoa nje. Kwa f/4 kina kinafika karibu sentimita 13, ndiyo maana huko huoni shida.

Lakini kuna kitu kinanisumbua. Kutoka kwenye jicho hadi nywele za sikioni ni zaidi ya sentimita 3. Ni kama 7 au 8 kwa mtu anayekutazama. Kugeuza kamera peke yake hakufiki huko, kwa hiyo nadhani una makosa mawili yanayosukuma upande mmoja. Anza kwa kuondoa hili la kwanza: hamisha nukta ya fokasi hadi kwenye jicho, usiigeuze kamera. Na utumie fokasi endelevu, AF-C au AI Servo kutegemea kamera yako. Mtu aliyesimama huyumba sentimita moja au mbili bila kujijua, wewe mwenyewe unayumba, na fokasi ya mara moja ikishafunga haijui kama kuna aliyesogea.

#4 Taa_ya_Dirishani

Dada Bi_Shata, asante sana, hiyo ya ukuta bapa hakuna aliyewahi kunieleza. Nilifikiri ukishafunga fokasi umbali ni uleule kokote utakakogeukia.

Nimejaribu leo kwa nukta ya juu iliyo kwenye jicho moja kwa moja, na AF-C. Kumepungua. Sasa ukali unaangukia kwenye mfupa wa shavu upande wa sikio, siyo sikioni kabisa. Kope bado zina ukungu. Na nukta za pembeni zinasitasita kuliko ya katikati.

#5 Fundi_Kioo

Salaam wote. Kazi yangu ni kufungua kamera na lenzi, na Bi_Shata amegusa penyewe: kuna makosa mawili. Acha nieleze kinachotokea ndani, vipimo vitaeleweka vyenyewe baadaye.

Kwenye kamera ya kioo, kihisi kinachochukua picha hakishiriki kabisa kutafuta fokasi wakati unachungulia dirishani, yaani kwenye kile kidirisha cha kamera unachowekea jicho. Mwanga ukiingia, kioo kikuu kinaurusha mwingi wake juu kwenda kwenye jicho lako. Katikati ya kioo hicho pana eneo linalopitisha mwanga kiasi, na nyuma yake kuna kioo kidogo kinachouelekeza chini, kwenye sakafu ya kamera, ambako moduli ya fokasi imelala. Moduli inachukua miale iliyopita upande mmoja wa lenzi na miale iliyopita upande wa pili, inalinganisha vipicha viwili. Vikiachana, inajua fokasi imekosea kuelekea wapi na kwa kiasi gani, inaiamuru mota isogee hadi pale. Ndiyo njia ya kupima awamu. Minolta 7000 ya mwaka 1985 ndiyo iliyoweka moduli na mota pamoja ndani ya bodi na kuifanya jambo la kawaida kwa wapiga picha.

Angalia udhaifu uliopo. Mwanga unaokwenda kwenye moduli na mwanga unaokwenda kwenye kihisi unapita njia mbili, na njia hizo lazima ziwe na urefu uleule. Kioo kidogo kikiinama kwa kiasi ambacho hata ukucha hauwezi kukihisi, moduli itasema tayari huku kihisi kikiona ukali umepita nyuma. Hakuna ujumbe wa kosa utakaouona. Kamera inalia, taa ya kijani inawaka, na picha ina ukungu.

Halafu kuna jambo la pili ambalo wenye lenzi za tundu kubwa wengi hawalijui, nalo kwangu ndiyo kiini cha matatizo haya. Moduli haiioni f/1.4 yako. Nukta nyingi zimeundwa zifanye kazi hata na lenzi ya f/5.6. Zile sahihi zaidi, mara nyingi za katikati, hutumia miale ya f/2.8. Miale inayopita ukingoni kabisa mwa lenzi ya f/1.4 haifiki kwenye moduli, lakini picha yako inapigwa na lenzi nzima pamoja na ukingo huo. Na lenzi nyingi za tundu kubwa zina kasoro ya kimaumbile: miale ya ukingoni haikutani mahali pamoja na miale ya katikati. Mahali penye ukali bora kwa f/2.8 na mahali penye ukali bora kwa f/1.4 panaachana kidogo. Lenzi na bodi huzungumza ili kusahihisha tofauti hiyo, ila lenzi haziko sawasawa zote, na iliyogongwa au kufunguliwa huko nyuma inaweza kuwa mbali na ilivyotoka kiwandani.

Zumu yako ya f/4 haiwezi kukwambia lolote kuhusu hali ya bodi. Kwa 70mm f/4 mita 2 una kina cha karibu sentimita 19. Kosa la sentimita 4 linaishi humo raha mustarehe na hutaliona maisha yako yote.

Na usijaribu kuhakiki kwa macho dirishani. Vioo vya kutazamia vya kamera hizi vinaonyesha kina kama cha f/2.8 hata ukivalisha f/1.4. Unachokiona ni kikali kuliko kitakachorekodiwa.

Kuhusu nukta za pembeni kusitasita: kwenye bodi nyingi ni za mstari mmoja tu, zinaona mistari ya upande mmoja, ilhali ya katikati ni ya msalaba. Canon EOS 6D kwa mfano ina nukta 11 na ni ya katikati pekee iliyo ya msalaba. Kope zikiwa zimelala sambamba na mstari wa nukta, nukta haina cha kushika. Iinamishe kamera kidogo, itashika.

#6 Mpya_Mjini_Lenzi

Fundi shikamoo. Nimeona watu wanachapisha karatasi yenye mistari na namba, wanailaza mezani, wanapiga kwa pembe ya digrii 45. Je, hiyo inatosha kwa kipimo?

#7 Fundi_Kioo

Marahaba. Karatasi hiyo imewapotosha wengi, na ninaowapokea wakiwa wameshaharibu marekebisho yao kwa sababu yake ni wengi. Eneo linalopimwa na nukta ya fokasi ni kubwa kuliko kimraba unachokiona dirishani. Ukiilenga karatasi iliyolala, nukta inashika mstari wowote wenye rangi kali zaidi ndani ya eneo lake, wa mbele au wa nyuma, na wewe unadhani kamera imekosea.

Taa, fanya hivi. Tafuta boksi lenye maandishi makubwa meusi juu ya rangi nyeupe, lisimamishe wima, uso wake ukiwa sambamba na kihisi cha kamera. Pembeni yake, pasipoguswa na nukta ya fokasi, laza rula kwa mwinamo, sifuri yake ikiwa usawa mmoja na uso wa boksi. Kamera juu ya tripodi, kitulizaji cha mtikisiko kimezimwa, kipima muda cha sekunde 2 au rimoti. Tundu f/1.4. Mwanga uwe mwingi, wa mchana unaoingia kwenye dirisha la nyumba ndiyo mzuri. Umbali uwe ule unaopigia picha zako, yaani mita 2, kwa sababu jibu la mita moja linaweza lisiwe jibu la mita 2.

Piga 10 kwa kuchungulia dirishani, nukta ya katikati. Kabla ya kila moja izungushe pete ya fokasi kwa mkono hadi mwisho, mara upande wa mbali, mara upande wa karibu, ili kamera ianze kutafuta upya. Usipofanya hivyo kamera itaona ipo karibu vya kutosha na haitasogea, utakuwa umepiga picha moja mara kumi. Baada ya hapo, bila kugusa tripodi, piga nyingine 10 kwa kutumia skrini ya nyuma. Kwenye skrini, kioo kimenyanyuka na fokasi inapimwa na kihisi chenyewe kinachopiga picha. Hakuna njia mbili tena, hakuna cha kuachana. Zile 10 za skrini ndizo mizani yako.

Ukiona za skrini ni kali na za dirishani zote zimeangukia nyuma kwa kiasi kinachofanana, hilo linarekebishika kwenye menyu. Za dirishani zikiwa zimetawanyika, moja mbele, moja nyuma, moja sawa, menyu haitakusaidia hata kidogo, hapo kuna mwanga hafifu, mota iliyochoka, viunganishi vichafu au nukta isiyo na cha kushika. Zote mbili zikiwa na ukungu, kuza picha kwenye skrini mara 10 na uvute fokasi kwa mkono. Ikigoma kupata ukali hata hapo, kioo fulani ndani ya lenzi kimeenda upande, au umevalisha filta mbaya. Na zote mbili zikiwa kali, vifaa vyako ni vizima, tutazungumza kuhusu mikono.

Kisha azima lenzi nyingine ya tundu kubwa urudie kwenye bodi yako, na lenzi yako uivalishe kwenye bodi ya mtu. Bila hatua hiyo hujui mwenye kosa ni nani.

#8 Kivuli_Kirefu

Samahani kuingilia uzi wa mtu. Mimi natumia kamera isiyo na kioo na lenzi ya 35mm f/1.8. Nilidhani huku haya mambo yameisha. Lakini ikilenga dirisha lenye pazia la vibao vya kulala inaenda mbele na nyuma bila kutulia. Na usiku nikiwa f/8 inachelewa mno, wakati nikiwa f/1.8 inashika mara moja. Hii nayo ni mbovu?

#9 Bi_Shata

Karibu tu, Kivuli. Kamera yako ni nzima.

Kwenye kamera zisizo na kioo, fokasi inapimwa na kihisi chenyewe, kwa hiyo lile tatizo la njia mbili kuachana halipo na hata menyu ya marekebisho kwa lenzi zake za asili huna haja nayo. Ila vipimo vya awamu vilivyomo kwenye kihisi, kwa kamera nyingi, vinalinganisha kushoto na kulia tu. Vinaona mistari iliyosimama. Mistari iliyolala kama vibao vya pazia haiwapi kitu, kila kipande kinafanana kushoto na kulia. Geuza kamera iwe wima au iinamishe kidogo tu, utaona inatulia papo hapo. Canon EOS R1 ya mwaka 2024 imeletwa na vipimo vya msalaba kwenye kihisi kwa sababu hiyohiyo.

Hilo la f/8: kamera nyingine hufunga tundu hadi lile ulilochagua wakati zinatafuta fokasi. Kutoka f/1.8 hadi f/8 umeondoa zaidi ya hatua 4 za mwanga, yaani kihisi kinapokea karibu sehemu moja ya ishirini ya mwanga. Kagua menyu kama kuna chaguo la kufungua tundu wakati wa fokasi. Ila kupima kwenye tundu linalopigwa kuna faida yake: ile kasoro aliyoieleza Fundi, ya ukali kuhama tundu linapobadilika, haiwezi kukukamata.

Jambo jingine, kama unatumia utambuzi wa jicho, ambapo kamera inalitafuta jicho yenyewe. Kile kiboksi juu ya jicho kinasema kamera imeliona jicho, lakini kwa f/1.4 au f/1.8 ukiwa karibu, ukali unaweza kukaa kwenye ncha za kope au fremu ya miwani huku mboni ikipotea. Kwa 85mm f/1.4 ukiwa mita 1 kina ni sentimita moja tu. Jicho lenyewe lina kina zaidi ya hapo ukihesabu na kope. Piga kadhaa, au funga hadi f/2.

#10 Kivuli_Kirefu

Nimegeuza kamera wima mbele ya pazia lilelile. Imeshika kwa mara moja. Asante dada, nilikuwa nimeshaanza kuifungia kwenye boksi lake.

#11 Taa_ya_Dirishani

Wakuu nimerudi na majibu, imenichukua siku tatu.

85mm kwenye bodi yangu, dirishani, picha 10: nane zimeangukia nyuma ya boksi kwa sentimita 4 hivi kwenye rula, mbili kwa sentimita 2. Hakuna hata moja iliyoanguka mbele. Kwa skrini, picha 10: tisa maandishi ya boksi ni makali ajabu, sikujua lenzi hii ina ukali wa namna hiyo. Moja imetikisika, nadhani niligusa meza.

Nimeazima 50mm f/1.8, nikapima kwa mita 2: dirishani iko sawa, labda nyuma nusu sentimita. Rafiki yangu akanipa bodi yake nikavalisha 85mm yangu: nayo imeangukia nyuma, lakini kwa sentimita 3.

Kwa hiyo ni lenzi?

#12 Fundi_Kioo

Kazi nzuri sana, na nashukuru hukuruka hatua ya kuazima.

Ndiyo, sehemu kubwa ni lenzi, na bodi yako inaongeza kidogo upande huohuo. Lakini skrini imekuonyesha kuwa vioo vya lenzi ni vizima. Kinachokosewa ni mawasiliano ya mahali pa kusimama, na kosa lako halitawanyiki. Hilo linatibika bila bisibisi.

Sasa utaelewa kwa nini +10 ilikuharibia. Kwenye Canon na Nikon, jumlisha inasukuma fokasi mbali na kamera na kutoa inaivuta karibu. Wewe ulikuwa tayari nyuma, ukajisukuma nyuma zaidi. Nenda upande wa kutoa. Anza −5, piga tano, kisha −10, piga tano, uone umepita au hujafika, ndipo uende hatua moja moja katikati. Usiamini picha moja. Kila fokasi ina kuyumba kwake, tafuta namba ambayo kundi zima linakaa sawa. Ukipata, pima tena kwa mita 1 na mita 5 kwa namba hiyohiyo.

Kwa wasioijua menyu hii: ilianza kuingia mwaka 2007 kwenye bodi za Canon EOS-1D Mark III na Nikon D3 na D300, lakini bodi nyingi za bei ya chini hazikupewa. Mizani yake ni −20 hadi +20, bodi inaikumbuka kwa kila lenzi, na namba hiyo ni ya bodi hiyo tu. Ukihamia bodi nyingine unaanza upya. Nikon D5 na D500 za mwaka 2016 zina njia ya kujipima zenyewe: unapata fokasi kwa skrini, kamera inalinganisha na moduli na kuandika namba. Inafaa, ila rudia mara kadhaa utazame kama inakupa namba zinazokaribiana.

#13 Haraka_Mwendo

Taa, naomba radhi kwa ushauri wangu wa mwanzo, nilijibu kabla ya kufikiri. Huu uzi umenifanya nipime ya kwangu, 35mm f/1.4. Kwa mita 1 iko sawa kabisa. Kwa mita 4 inaangukia mbele waziwazi. Nikirekebisha mita 4, mita 1 inaharibika. Fundi, hapo nafanyaje?

#14 Fundi_Kioo

Usijali, ndiyo maana tuko hapa.

Namba moja kwenye bodi inasogeza kila umbali kuelekea upande mmoja, kwa hiyo haiwezi kutibu lenzi yenye kosa la aina mbili. Kama lenzi yako ni Sigma za mfululizo wa Art, Contemporary au Sports za kamera za kioo, kuna kifaa chao cha kuiunganisha na kompyuta kwa USB. Kinakuruhusu kuweka marekebisho kwa umbali wa aina nne tofauti ndani ya lenzi yenyewe. Kwa zumu unapata nafasi 16, yaani umbali mara nne kwa urefu wa fokasi mara nne. Tamron nao wana chao kwa baadhi ya lenzi zao. Kama lenzi yako haina kifaa cha namna hiyo, rekebisha kwa umbali unaoutumia zaidi, au ipeleke kwa fundi pamoja na bodi yake. Nasisitiza pamoja. Lenzi ikija peke yake, nitaipima kwenye bodi yangu, irudi kwako ikiwa sahihi kwangu.

Na kabla hujamlaumu mtu, ufanye kipimo kimoja zaidi: kwa mita 1, weka tripodi, shika fokasi kwa f/1.4, kisha zima otofokasi na upige f/1.4, f/2, f/2.8, f/4 bila kugusa pete. Ukiona katikati ya ukali inasogea nyuma kadiri unavyofunga tundu, hiyo ni tabia ya vioo vya lenzi. Hakuna menyu inayoiondoa. Itakubidi upime na urekebishe kwa tundu unalolitumia kwa kweli.

#15 Mzee_wa_Filta

Wanangu, mmeeleza vizuri makubwa, niongeze madogo ambayo nimeyaona yakimpotezea mtu wiki nzima.

Viunganishi vya shaba na dhahabu nyuma ya lenzi. Vikishika mafuta ya vidole, bodi na lenzi haziongei sawasawa, na dalili yake ni fokasi inayokosea leo na kesho iko sawa. Futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na tone la spiriti kwenye kitambaa kama kuna uchafu mgumu. Msitumie kifutio cha penseli, kinakwangua ule mpako na kuacha vumbi lake ndani.

Filta. Kwa kamera za kioo, filta ya polarizesheni lazima iwe ya duara. Ile ya mstari inagombana na kioo kinachopitisha nusu, na moduli inapotea pamoja na kipimo cha mwanga. Na filta ya kinga ya kioo duni mbele ya 85mm f/1.4 inalainisha kila kitu. Ivueni wakati wa kupima.

Swichi ya umbali kwenye pipa la lenzi. Kama lenzi yako ina swichi ya kuzuia umbali wa karibu, itazunguka hadi mwisho wake na kugoma, na mtu anaapa mota imekufa.

Rangi ya mwanga. Lenzi haikunji rangi zote kwa kiasi kimoja, na moduli haioni rangi kama kihisi kinavyoziona. Chini ya balbu za njano fokasi inaweza kusogea ikilinganishwa na mwanga wa mchana. Ukirekebisha mchana ukapiga usiku, usishangae.

Na yule anayesema dirishani kila kitu kina ukungu lakini picha ni nzuri: zungusha kile kigurudumu kidogo kando ya dirisha mpaka namba za chini zionekane vizuri. Kinarekebisha unavyoona kwa macho yako tu, fokasi hakiigusi.

#16 Mpya_Mjini_Lenzi

Mzee, na ile swichi ya kuchagua kama kamera ipige hata fokasi isipokamilika? Nimeiona kwenye menyu.

#17 Bi_Shata

Nijibu kwa niaba ya Mzee. Kwenye fokasi endelevu, bodi nyingi zinakuja zikiwa zimewekwa zipige pindi ukibonyeza, fokasi iwe imefika au la. Kwa michezo wengine wanaipenda hivyo. Kwa sura na f/1.4 iweke kwenye kipaumbele cha fokasi. Kamera itachelewa kidogo sana, lakini haitapiga wakati lenzi bado iko njiani.

#18 Taa_ya_Dirishani

Shikamoo Mzee, na asanteni wote.

Nimeweka kipaumbele cha fokasi, nimevua filta, nimefuta viunganishi. Nikaanza −5: bado nyuma kama sentimita moja na nusu. −10: imepita mbele kidogo. Nimezunguka kati ya −7 na −9, picha kumi kumi, na kundi la −8 ndilo lililokaa sawa zaidi. Kwa mita 1 imekaa. Kwa mita 5 iko nyuma kidogo mno ila ndani ya kina.

Jana nimepiga sura halisi, picha 40 kwa mita 2, f/1.4, nukta juu ya jicho, bila kugeuza kamera, AF-C. Jicho ni kali kwenye 33. Tano zimekosa kidogo, na nikizitazama kwa mfuatano naona kabisa aliyekuwa mbele yangu alikuwa anacheka na kuinamisha kichwa. Mbili sijui.

Jioni tukawasha balbu za njano, nikarudia boksi na rula. Mzee amesema kweli: imerudi nyuma kwa sentimita moja hivi. Huko −10 ndiyo inakaa sawa. Nimeandika namba zote mbili kwenye kipande cha karatasi, nimekibandika ndani ya mfuniko wa mbele wa lenzi, mchana −8, balbu −10. Kesho naazima tena ile 50mm, safari hii nipige nayo sura.